Karata ya Mama Ngalula: mchezo wetu wa shule ulivyotoka nje na kuingia mitaani Lubumbashi

Wakuu, poleni na majukumu. Mimi ni msomaji wa kimya humu ndani kwa muda mrefu, wa kucheka na kupita. Leo nimeamua kuandika.

Ninayoandika niliyaona mwenyewe, na mengine nilikuwa ndani yake kabisa. Wazee wa kusema "hii chai", karibuni, sukari ipo mezani, kila mtu ajiwekee.

Niko Lubumbashi, Congo. Kazi yangu ni kupitisha makaratasi ya mizigo pale mpakani Kasumbalesa. Kiswahili hiki mnachosoma nimefundishwa na madereva wenu kwenye foleni ya malori, huku wakinicheka. Chetu cha nyumbani ni kingine, mtakisikia watu wakianza kuongea. Msije kunisahihisha kwenye comments, hatujakosea, ndivyo tunavyoongea.

Twende.

Tulikuwa shule, umri ule wa kuanza kuona aibu mbele ya watu lakini bado unacheza ukiwa na wenzako. Kundi letu watatu.

Kapinga, huyo ndiye bosi. Ukoo wao ni wa Kasai, waliingia huku enzi za babu zao. Baba yake alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio. Kapinga alikuwa mtu wa sheria. Hata kuruka kamba kwake kulikuwa na kanuni, na kanuni alitunga yeye.

Chola, mtu wa hapa hapa, wazazi wake wana shamba Kasungami, pembeni ya mji. Huyu alikuwa anachora. Akiongea sentensi ndefu mjue kuna jambo.

Na mimi, Ngalula. Hilo jina lishikeni vizuri. Kazi yangu kwenye kundi ilikuwa mwandiko mzuri na ubishi.

Mchezo wetu wa karata tuliuita Mukuba, yaani shaba. Katanga yote imesimama juu ya shaba, kwa hiyo tulijitungia ufalme wake wa chini, wenye viumbe wake. Karata tulikata kwenye maboksi ya sabuni. Chola anachora kiumbe, mimi naandika chini yake mambo matatu: jina, kazi, na neno. Neno ndilo jambo pekee ambalo kiumbe huyo anaweza kusema. Hana lingine.

Ukitaka kumwita kiumbe, unaweka karata katikati, uso juu, wote mnasema "Tokaka!" Ukitaka kumtoa, unaigeuza kifudifudi, unasema "Lalaka." Aliyelazwa haamki tena. Hiyo niliibishia sana, nikashindwa.

Kulikuwa na sheria moja zaidi, na hii ndiyo yenye uzi wenyewe. Jina la kiumbe lazima liwe jipya kabisa, lisiwe la mtu yeyote.

Niwaeleze kwa nini. Kwetu jina halitolewi hovyo. Mtoto anapewa jina la mtu, na kuanzia siku hiyo wale wawili ni "majina", nyie mnasema wajina. Huku kwetu ni jambo zito. Ukipewa jina la bibi yako, baba yako mzazi anakuita mama. Ukinuna, anakuja kukubembeleza kama vile mama yake ndiye kanuna. Mimi nimemwona mwanaume mzima mwenye ndevu anamwomba radhi mtoto wa miaka mitatu, na hakuna aliyecheka.

Kwa hiyo Kapinga alisema, ukiita kiumbe kwa jina lenye mwenyewe, mwenyewe atageuka.

Sasa jina langu. Sisi si watu wa Kasai, ni watu wa hapa. Ngalula ni jina la kwao. Nililipata kwa mama yake Kapinga. Yeye na mama yangu walikuwa majirani na marafiki wa kufa na kuzikana. Siku nilipozaliwa, baba yangu hakuwepo, na huyo mama ndiye aliyembeba mama yangu juujuu mpaka hospitali. Mama akasema huyu mtoto ni Ngalula. Wajomba walinung'unika weee, mpaka wakachoka.

Basi Mama Ngalula alikuwa ananiita "Majina", na mimi namwita hivyo hivyo. Akinunua nguo ya Kapinga ya sikukuu, ya kwangu ipo pembeni, kitambaa kile kile. Nyumbani kwao nilikuwa na kikombe changu.

Alikuwa mfanyabiashara. Anapeleka vitenge Mokambo, mpakani na Zambia, anarudi na mafuta na sabuni. Na mkate. Ule mkate wa upande wa pili, mweupe, umeshakatwa vipande, ndani ya plastiki. Mtaani kwetu haukuwepo wakati ule, kwa hiyo kwetu ulikuwa keki.

Alikuwa harudi kimya. Anafika getini magharibi, anapiga makofi mawili ya polepole, anauliza, "Muko bote?"

Na nyumba nzima inajibu kutoka kila chumba: "Tuko bote! Unabakia weye tu!"

Ndipo anaingia. Hata kama ametoka sokoni tu hapo jirani, lazima aulize.

Kisha safari moja akaenda Mokambo na hakurudi.

Simu haipatikani. Papa Kapinga alimfuata hadi Mokambo, akaenda Sakania, akauliza stesheni, akauliza sokoni. Mmoja alisema amevuka. Mwingine alisema kuna gari lilianguka njiani, lakini hajui nani alikuwemo. Akarudi peke yake na vumbi.

Hakukuwa na maiti wala habari, kwa hiyo na kilio, yaani matanga, hakikuwekwa. Papa Kapinga alikataa. Mtu akimuuliza habari za mkewe alikuwa anajibu, "Iko mu njia." Msimu mzima wa mvua ulipita, ukaja wa baridi, ukaja wa joto, na mama bado yuko njiani.

Kapinga hakuwahi kulia. Angelia vipi, na mama yuko njiani? Na mimi niliyempoteza Majina wangu, hakuna aliyeniuliza kitu.

Hapo ndipo tulipokuwa, wakuu, karata zilipoanza kutoka.

(Umeme umekatika hapa, naendelea kwa simu. Makosa ya vidole mtanivumilia.)

Ulikuwa ule wakati wa jakaranda, kabla ya mvua ya kwanza. Wasiofika Lubumbashi, niwaambie tu kwamba kipindi hicho mji wetu unakuwa zambarau juu na mwekundu chini. Maua juu, vumbi la udongo mwekundu chini, na joto limesimama katikati halisogei. Mtu anaweza kulala akiwa anatembea.

Mchana mmoja, nyuma ya shule, Kapinga aliweka katikati karata ya Kobe wa shaba. Jina lake lilikuwa Nkumbakumba, la kujitungia. Kazi yake kunywa vumbi. Neno lake "Pole-pole." Tukasema "Tokaka," tukacheza, kengele ikalia, tukaingia darasani.

Kesho yake tunafika, uwanja wa shule hauna vumbi. Ardhi inang'aa kama imepakwa mafuta, na ina alama za duara duara hadi getini. Mlinzi amesimama na ufagio wake.

"Ni nani alifagia huku?" anauliza. "Miye sikufagia."

Mama mmoja aliyekuwa anauza karanga getini akamjibu bila hata kuinua kichwa. "Ni ile kobe. Muwekundu, sawa sufuria ya mupya. Iliniambia pole-pole, njo ikapita."

Kisha akaendelea kupima karanga zake (hiyo "njo" yetu ni "ndipo" au "ndiye" yenu). Mlinzi akasema "Ah, bon," akaenda kuweka ufagio.

Hicho ndicho kilichonishangaza kuliko kobe mwenyewe. Watu wazima waliona, wakaendelea na shughuli. Nadhani ni lile joto. Au sisi watu wa mji wa migodi tumezoea kwamba chini ya ardhi kuna vitu, na vikitoka vimetoka.

Kobe tulimlaza siku chache baadaye, kwa sababu alifika kwa mama muuza makala, yaani makaa, akanywa vumbi la makala, kisha akaendelea na makala yenyewe. Yule mama alipiga kelele mtaa mzima. Kapinga akaigeuza karata, "Lalaka." Kesho tukajaribu kumwita tena. Tuliita mpaka koo likauma. Hakuja. Chola aligeukia ukutani ili tusimwone macho.

Basi tukajua kwamba sheria ya Kapinga ni sheria kweli.

Tukamwita Mwanamke wa Kijani, wa malakiti, lile jiwe la kijani linalotoka na shaba, mwenye mistari ya duara mashavuni. Kazi yake kukaa juu ya ule mlima mweusi wa makapi ya shaba, karibu na bomba kubwa la moshi, akisuka nywele zake. Neno lake "Nakumbuka." Tulimwona kwa mbali, mdogo kama kidole, siku nyingi.

Tukaiita Treni ya Maua. Hiyo ilikuwa nzuri, jamani. Mabehewa yote ya maua ya jakaranda, inapita katikati ya barabara bila reli, bila sauti, inaacha harufu ya asali. Nilikuwa ndani ya teksi ya kuelekea mjini siku ya kwanza ilipopita. Dereva alisimama, akazima gari, akasema tu, "Tungoye, treni ipite." Abiria wakangoja. Mzee mmoja akavua kofia. Ikapita, akawasha gari, na yule dada pembeni yangu akamalizia sentensi yake kuhusu bei ya unga.

Neno la treni lilikuwa "Panda."

Na Kapinga alipanda.

Mimi na Chola tulimwona anakimbia, daftari zimemwagika, anashika behewa la mwisho. Nilijua anakokwenda, na Chola alijua. Reli ya kweli kutoka kwetu inafika Sakania. Ukifika Sakania, Mokambo unaulizia.

Lakini kazi ya treni tuliandika "kuzunguka mji." Kwa mwandiko wangu mzuri. Ikamzungusha mji mchana kutwa, ikamshusha pale pale ilipompakia. Akaja tulipokaa, maua kwenye nywele, uso mkavu.

"Chola," akasema, "unichorele mama."

Chola akaweka penseli chini. "Mama yako haiko kiumbe ya jeu," yaani si kiumbe wa mchezo.

"Na ile treni haikuwa ya jeu? Si uliiona?"

Mimi nikauliza, "Na jina?"

"Jina yake."

"Sheria je?"

"Sheria ni yangu. Miye njo nilitunga."

Chola alichora. Alichora kwa muda mrefu kuliko karata zote, lakini uso hakuuweza, alisema hauji. Kwa hiyo akamchora amesimama getini wakati jua linazama, mwanga uko nyuma yake na uso uko gizani. Kitenge, plastiki ya mkate kifuani. Nikanyoosha mkono ili niandike, Kapinga akanipokonya kalamu, akaandika mwenyewe.

Jina: Ngalula.
Kazi: Kuya ku nyumba mangaribi na mukate.
Neno: Muko bote?

Kazi ni kuja nyumbani magharibi na mkate. Tukasema "Tokaka." Mimi nilisema pia, tena kwa moyo. Nilimtaka Majina wangu.

Kapinga akakimbia nyumbani kumngoja. Mimi nikaenda kwetu kumsaidia mama kupika bukari, ugali wetu.

Nakumbuka nilikuwa nateka maji kwenye ndoo. Nakumbuka kikombe cha kuchotea, cha bluu, kilichomomonyoka pembeni.

Halafu nilikuwa natembea.

Maua yalikuwa yanaanguka polepole na miguu yangu haikuwa na haraka, ilikuwa inajua njia kwa namna ya mtu mzima aliyechoka na anayefika. Kiuno kilikuwa kizito. Kifuani kuna kitu kinachakacha. Plastiki. Sijui niliupata wapi ule mkate mpaka leo, wakuu, na mtaani kwetu haukuuzwa. Watu walinisalimia, "Mama, yambo," na nikaitikia.

Nikafika kwa kina Kapinga. Mikono yangu ikapiga makofi mawili. Mdomo wangu ukafunguka.

"Muko bote?"

Ndani ya nyumba sauti ya Papa Kapinga ikajibu papo hapo, kabla hajafikiri: "Tuko bote! Unabakia weye tu!"

Alitoka mbio na taulo begani. Kapinga naye alishafika getini, ananiangalia juu ya bega, anatafuta aliye nyuma yangu. Hakuna mtu. Akaangalia mkate. Akaniangalia mimi.

Papa Kapinga akakaa chini pale pale kwenye ngazi, taulo usoni.

Ile karata ilimwita Ngalula aje, na Ngalula aliyekuwepo mjini alikuwa mimi.

Mngefikiri iliishia hapo, kosa limeonekana, karata imegeuzwa. Haikuishia hapo. Kwa sababu niliingia ndani, nikaweka maji ya chai, na sikuuliza sukari iko wapi.

Kila magharibi nilikwenda. Haya mengine nilisimuliwa na Kapinga baadaye, mimi nayakumbuka kama mtu anavyokumbuka homa. Nilimsuka Kapinga ile misuko ya mama yake, ya kuanzia nyuma, na mimi kusuka sijui hadi leo. Nilimgombeza baba yake kwa kuacha dawa zake za presha. Nilimgombeza kwa Kiluba cha Kasai, lugha ambayo kwetu haisemwi. Na yule mzee alikunywa dawa, akajibu, "Ndiyo, mama."

Lile neno moja halikutosha tena, wakuu. Karata ilikuwa na neno moja tu. Lakini aliyeitwa alikuwa mtu, na mtu ana maneno mengi.

Kapinga alinenepa. Akacheka darasani. Akaanza kuimba njiani. Kwa mara ya kwanza tangu mama yake apotee alikuwa mtoto tena, na mimi hilo ningempa bure kama ningekuwepo wa kumpa.

Lakini mimi sikuwepo. Nilikuwa napungua.

Shuleni mwalimu anaita "Ngalula," sigeuki. Mtu akisema "Mama Kapinga" barabarani nageuka. Mwandiko wangu ukabadilika, ukawa wa mtu anayeandika hesabu za sokoni. Ubishi ukaisha, na huo, walionijua wanasema, ndio uliowatisha zaidi.

Jioni moja niliingia kwetu, na mama yangu akainuka, uso umefunguka wote.

"Kuya, ukale chini, Mama Kapinga! Siku mingi!"

Alinivutia kiti nikae. Akaanza kunisimulia mambo yake yote aliyokuwa hana wa kumwambia tangu rafiki yake apotee. Nikawa naitikia panapotakiwa. Alicheka, mama yangu, akanipiga paja. Kisha mkono ukasimama.

"Mutoto wangu iko wapi?" akauliza.

Nikajibu, na hilo silisahau, "Atakuya tu."

Mama alitoka pale na kanga moja begani, akaenda hadi kwa kina Kapinga. Habari za karata hakuzijua hata kidogo. Alisimama mbele ya yule binti, mtoto wa rafiki yake, akamwambia, "Kapinga, kila mangaribi mutoto wangu anakuyaka huku. Mwenye anarudi haiko mwenye alitoka. Minakuomba, unirudishie yeye."

Kapinga alijibu kwamba hajui chochote. Mama akaondoka.

Kesho yake Chola aliongea sentensi ndefu. Alimwambia Kapinga, "Mama yako tulimupoteza, na sisi bote inatuuma. Lakini ukiacha ile karata uso juu, tutapoteza na Ngalula, na yeye hatakuwa amepotea Mokambo, atakuwa amepotea mu mikono yako."

Kapinga alimpiga kofi. Chola hakulipiza.

Lakini magharibi ile, nikiwa namsuka, Kapinga aliniuliza kwa sauti ndogo, "Ile treni yetu, neno yake ilikuwa nini?"

Nikamwambia, tena kwa upole wa mama yake kabisa, "Ile michezo yenu, mwanangu, miye siijue."

Kapinga anasema alihisi vidole vyangu kwenye kichwa chake, vidole vya mama, vitamu vile, na akaelewa kwamba yule wa kumwambia utamu huo hayupo. Mtu aliyekuwa anamwambia kila kitu ni mimi. Mama amerudi na hana wa kumsimulia kwamba mama amerudi.

Hakulala vizuri. Asubuhi alimweleza baba yake yote, kuanzia maboksi ya sabuni.

Magharibi iliyofuata wingu lilikuwa limejaa upande wa mlima mweusi. Nilikuja njia ile ile, maua yamebaki machache juu, mengi chini. Getini walikuwa wamesimama wote: Kapinga, baba yake, Chola, na mama yangu kwa nyuma ameshika mdomo. Karata ilikuwa juu ya ngazi, uso juu.

Makofi mawili.

"Muko bote?"

Kapinga aliitazama ile karata.

"Tuko bote, Mama," akasema.

Akaishia hapo. Ile ya "unabakia weye tu" hakuisema.

Nilingoja, yaani yule aliyekuwa ndani yangu alingoja kusikia kilichobaki, kama alivyozoea. Kapinga akamgeukia baba yake. Yule mzee alitikisa kichwa, hapana, hapana, mara nyingi. Mwisho akaniangalia moja kwa moja, na akasema polepole, "Tuko bote, mama. Uende muzuri."

Nakumbuka jambo moja tu la wakati ule, na nitaapa kwa lolote. Nakumbuka nilifarijika. Kama mtu aliyebeba mzigo kutoka mpakani na hatimaye kaambiwa, weka hapo, umefika.

Kapinga akapiga magoti, akaigeuza karata.

"Lalaka, Mama."

Mvua ya kwanza ikashuka. Nikajikuta nimesimama getini kwa watu, nimelowa, na mkate mkononi, kila mtu analia, na mimi nikauliza kwa hasira, "Ni nini? Juu ya nini munalia? Na nani amenisukuma mu mvua?"

Mama yangu akanirukia shingoni. Chola akasema, "Ni yeye. Anagombana."

Mkate tuliula pale ndani, wote, na chai. Ulikuwa mkate wa kawaida. Kapinga alikula vipande vyake akiwa analia kwa sauti, kilio cha muda wote ule uliopita, na baba yake hakumwambia nyamaza.

Kesho yake asubuhi Papa Kapinga alitoa viti nje, akawasha mbabula, yaani jiko la makaa, na watu wa mtaa wakaelewa. Kilio kiliwekwa. Walikuja hata wanawake wa Mokambo waliofanya naye biashara, kila mmoja na cha kusimulia. Mimi nilikaa mkekani pembeni ya Kapinga, mahali pa Majina, na safari hii nililia kwa macho yangu mwenyewe.

Treni iliisha na mvua, maua yalipokwisha. Mwanamke wa Kijani hatujamlaza hadi leo, tulisahau, halafu tukaona haina haja. Mlima wenyewe umepungua, wanauchimba tena, lakini ukipita Lubumbashi siku ya joto tupia jicho juu. Karata zote ziko kwenye kopo la maziwa nyumbani kwa Kapinga.

Sasa kwa nini naandika leo.

Kapinga ana mtoto wa kike, hajaanza hata shule ya msingi. Anaitwa Ngalula. Watu wanamuuliza, hili jina ni la mama yako au la rafiki yako? Anajibu, "Ya bote babili."

Jumapili iliyopita walikuja kwangu. Kapinga alikuwa anakata majani ya sombe, kisamvu chenu, Chola alileta mahindi ya shamba lake Kasungami na kukaa kimya kama kawaida yake, na Papa Kapinga, mzee sasa, masikio yameanza kugoma, alikuwa anasinzia kwenye kiti. Mtoto alikuwa nje anacheza na wenzake karibu na gari langu.

Jua likaanza kushuka. Sisi tunapiga porojo.

Getini, makofi mawili ya polepole.

"Muko bote?"

Wakuu, lile neno halijasemwa na mtu yeyote kwenye familia ile tangu siku ya mvua. Kapinga hajawahi kumfundisha. Nimemuuliza, nimemuuliza tena, ameapa.

Kisu kilisimama juu ya sombe. Chola akainuka. Mimi nilishindwa kugeuza shingo.

Na yule mzee wa masikio mabovu, macho bado amefumba, akajibu kwa sauti ya ujana wake kabisa: "Tuko bote! Unabakia weye tu!"

Mtoto akaingia na plastiki ya mkate ameikumbatia kifuani. Huo mkate una maelezo, niseme ukweli. Niliutoa mwenyewe mpakani, niliusahau kwenye gari, mlango haukuwa umefungwa. Lile neno ndilo halina maelezo.

Akauweka mezani, akaomba chai.

Nikamnong'oneza Kapinga, vipi, ile karata bado imelala? Hakuinuka hata kwenda kuangalia nyumbani. Alikuwa anamwangalia mtoto wake anavyopanda kwenye kiti, machozi yanadondokea kwenye majani, anatabasamu.

"Wacha," akaniambia. "Huyu hatukumuita. Alikuya mwenyewe."

Nilichojifunza mimi ni hicho tu. Tulipomlazimisha arudi, alikuja kwa kunila mimi. Tulipomruhusu aende, tumekaa miaka, na kitu chake kimeingia getini magharibi, kwa miguu midogo, kinadai chai yenye sukari nyingi.

Nawauliza wenzangu: kwenu kuna neno la mtu aliyeondoka ambalo mlisikia tena kwenye mdomo wa mtoto asiyemjua? Mlijibu nini? Andikeni hapo chini, nasoma zote.

Na wewe unayetaka kuandika "chai", andika tu, lakini anza na kumpigia mama yako.